Nyumba bila ardhi: sheria ifundishwe kwa kulinganisha na kwa kutenda

Katika mitaa ya zamani ya Malindi, kama ilivyo Mombasa na Lamu, mtu anaweza kuwa na nyumba asiwe na ardhi. Kuta ni zake, paa ni lake, mlango alimlipa fundi mwenyewe. Kiwanja kilicho chini ni cha mtu mwingine, na kila mwezi humpelekea kodi ya ardhi akapewa risiti. Akifa, wanawe hurithi nyumba. Akiuza, huuza nyumba, na mnunuzi huendelea kulipa kodi ile ile kwa mwenye kiwanja. Watu wameishi hivyo vizazi na vizazi wala hawaoni ajabu. Matata huanza siku mwenye kiwanja, au aliyekinunua kwake, anapoleta barua ya kuwataka wahame.

Barua hiyo ikiangukia mikononi mwa mhitimu wa sheria aliyetoka chuoni juzi, mara nyingi mawazo yake hukimbilia mahali pamoja. Amefundishwa kwamba mtu akikaa juu ya ardhi ya mwenziwe miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kwenda mahakamani kudai iandikwe kwa jina lake. Sheria ya ukomo wa madai, Sura ya 22, inasema hivyo, na katika mtihani hilo ni swali la kila mwaka. Mteja huyu, bibi mmoja, amekaa miaka 40. Kesi imeiva, anajiambia. Kisha mteja anafungua bahasha na kumwaga mezani risiti za kodi ya ardhi tangu enzi za marehemu babake. Anazileta kwa fahari, maana ndizo ushahidi wake wa pekee. Kumbe ndizo zinazoliua dai la miaka 12: anayelipa kodi anakaa kwa ruhusa, na mkaaji kwa ruhusa hawezi kudai kwamba aliikalia ardhi kinyume na mwenyewe. Risiti hizo zina nguvu, tena kubwa, ila kwa dai la namna nyingine ambalo kijana hakulisoma popote.

Sisemi hayo kumdharau kijana. Alifaulu alichofundishwa. Tatizo liko katika namna tunavyofundisha: kanuni huja kwanza, ikiwa peke yake, imetengwa na nchi nyingine, na historia, na karatasi za mteja. Wanaotaka elimu ya sheria irekebishwe huleta mapendekezo mawili. La kwanza ni kufundisha kwa kulinganisha sheria za mahali mbalimbali. La pili ni kufundisha kwa vitendo. Kwa kawaida yanazungumzwa kama mambo mawili, moja la wasomi wa vitabu na jingine la watu wa mahakamani. Hapa Mwambao mambo hayo ni kitu kimoja, na nyumba bila ardhi inaonyesha kwa nini.

Sheria za nchi nyingi ndani ya faili moja

Tazama historia ya kiwanja kimoja tu cha Malindi. Ukanda wa maili 10 wa Pwani ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na mambo ya nyumba, miti na mirathi yakienda kwa sheria ya Kiislamu na kwa mila za wenyeji. Mwaka 1895 Waingereza walichukua usimamizi wake kwa mkataba na Sultani. Wakaleta sheria za India, ikiwemo ile ya uhamishaji wa mali ya mwaka 1882. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi iliyomtaka kila mwenye dai katika ukanda huo alipeleke mbele ya afisa wa serikali, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Waliokuwa na habari, na uwezo wa kufuatilia, walipata hati. Wengi hawakupata, na huo ni mmoja wa mizizi ya uskwota unaotusumbua mpaka leo. Sheria ya 1882 na ya 1908 zote zilidumu hadi 2012, Bunge lilipotunga sheria mpya za ardhi chini ya Katiba ya 2010.

Juu ya hayo kuna sheria ya mfumo wa mahakama, Sura ya 8, inayoelekeza mahakama zetu zitumie, pale sheria zilizoandikwa zinaponyamaza, kanuni za mahakama za Uingereza na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika huko tarehe 12 Agosti 1897. Sheria hiyo hiyo inataka mahakama ziongozwe na mila za Kiafrika katika kesi za madai, mradi mila hizo zisipingane na haki na maadili. Halafu kuna mahakama za kadhi, zinazolindwa na kifungu cha 170 cha Katiba, kwa mambo ya hadhi binafsi, ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Malindi hahitaji kusafiri kwenda kutafuta sheria za kulinganisha. Zanzibar, India, Uingereza, Uislamu, mila za Wamijikenda na Katiba ya Nairobi ziko ndani ya faili lile lile lililofungwa kwa utepe. Anayefundishwa ardhi kuanzia 2012 anafundishwa ukurasa wa mwisho wa hadithi, kisha anatumwa akamtetee mtu ambaye maisha yake yote yameandikwa katika kurasa za kati.

Kulinganisha ni nini hasa

Vyuoni mwetu somo la sheria linganishi mara nyingi huwekwa pembeni, somo la hiari la mwaka wa mwisho. Likifundishwa vibaya huwa orodha: Ufaransa wana hiki, Marekani wana kile, Kenya tuna hiki. Mwanafunzi hukariri, hujibu mtihani, husahau. Huko si kulinganisha.

Njia iliyo na faida huanzia kwenye tatizo, kabla ya jina la kanuni. Jina la kanuni hudanganya, maana nchi mbili huweza kutumia jina moja kwa vitu viwili, au majina mawili kwa kitu kimoja. Tatizo halidanganyi. Basi tuliulize hivi: mtu amejenga juu ya ardhi ya mwenziwe kwa ridhaa yake, ridhaa ikiisha, jengo ni la nani, na nani amlipe nani?

Uingereza ilirithi kanuni ya Kirumi kwamba kilichoshikamana na ardhi hufuata ardhi. Kwa kanuni hiyo tupu, bibi wa Malindi hana nyumba, ana matofali yaliyomezwa na kiwanja cha mtu. Ujerumani nayo inaishika kanuni hiyo, lakini tangu 1919 ina haki maalumu ya kujenga juu ya ardhi ya mwingine. Haki hiyo huandikishwa, hurithiwa, huweza kuwekwa rehani benki, huchukua miaka mingi, na muda ukiisha kwa kawaida mwenye ardhi humlipa mwenye jengo. Misri na Sham (Syria na jirani zake) walikuwa na mpango wa karne nyingi juu ya ardhi ya wakfu, yaani iliyotolewa kwa ajili ya dini au sadaka: mpangaji wa muda mrefu anajenga, jengo linakuwa mali yake, anaulipa wakfu kodi ya ardhi. Tanzania Bara, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia, ambayo inaweza kufika miaka 99. Ukitazama vizuri, kila mwenye nyumba Tanga au Dar es Salaam amejenga juu ya ardhi isiyo mali yake kamili, ila ana hati inayomlinda.

Sasa turudi Malindi. Ghafla tunaona kilichopo na kilichokosekana. Mila ya Pwani inakubali, kama wafanyavyo Wajerumani na watu wa wakfu wa Misri, kwamba nyumba na ardhi zinaweza kuwa za watu wawili, na mahakama za Pwani zimeutambua mpango huo katika hukumu zao. Kilichokosekana ni muda unaojulikana, uandikishaji, na makubaliano ya fidia. Kodi ni ya mwezi kwa mwezi. Benki haiitambui nyumba hiyo kama dhamana. Mwenye kiwanja akibadilika, mapatano yote yanabaki midomoni mwa wazee. Mwanafunzi aliyelinganisha hivyo anajua aulize nini: barua ya kuhama ilitoa muda gani? Ruhusa ya kujenga kwa mawe badala ya udongo na makuti ilitolewa na nani, mbele ya nani? Kuna mapatano yoyote ya fidia, au ya kumpa mwenye nyumba nafasi ya kwanza kiwanja kikiuzwa? Maswali hayo hayamo katika kanuni ya Kenya peke yake. Yamezaliwa na kulinganisha, na majibu yake yamo ndani ya bahasha ya risiti.

Kuna jambo ambalo walimu wetu wa sheria wa Nairobi wangejifunza hapa kwetu. Kulinganisha hakukuletwa Mwambao na vyuo vikuu. Elimu ya khilafu, yaani kuzisoma tofauti za madhehebu na hoja za kila upande, ni sehemu ya usomi wa Kiislamu tangu zamani. Lamu ni mji wa darsa. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Swaleh mwanzoni mwa karne ya 20, umetoa masheikh waliosambaa Afrika Mashariki nzima. Mwanafunzi wa fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, anajua kwamba kwa Shafii haki ya shufaa, ya kutangulizwa katika kununua, ni ya mshirika katika mali, na kwamba Hanafi humpa hata jirani. Anajua pia kwamba tofauti hiyo si upotevu, kila upande una dalili zake.

Elimu hiyo imewahi kubadili sheria. Wanawake wa madhehebu ya Hanafi nchini India walikuwa wakikwama katika ndoa zilizokufa, mume akitoweka au akiacha kutoa matumizi, kwa kuwa madhehebu yao hayakuwapa mlango wa kutosha wa fasakhi, yaani kuvunjiwa ndoa. Wanavyuoni wa Kihanafi wenyewe wakaangalia katika madhehebu ya Malik, wakaona mlango upo. Sheria ya kuvunja ndoa za Waislamu ya India ya mwaka 1939 ilijengwa juu ya msingi huo. Kulinganisha kulimfungua mtu kifungoni, na dini yake ikabaki mahali pake.

Mfano ambao kila mwalimu wa sheria ya familia Kenya angeweza kuutumia kesho asubuhi ni mali ya ndoa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua katika kesi ambayo wanasheria wa huko huiita ya Bi Hawa kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona alishapewa fedha na mumewe akazitumia ovyo, lakini kanuni ilisimama. Kenya, mwaka 2007, Mahakama ya Rufaa ilikwenda njia nyingine na kukataa kuzihesabu kazi hizo. Bunge likaingilia kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, ambayo inataja kazi za nyumbani, ulezi wa watoto na kilimo cha familia kuwa michango. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba mchango hauleti nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja hupata kadiri ya alichochangia. Sheria hiyo ya 2013 inamruhusu Mwislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo hayo.

Mpe mwanafunzi hukumu hizo pamoja, halafu mpe mteja wa kubuni: mama wa Faza kule Lamu, ameolewa miaka 25, amesuka ukili na kuuza mikeka, nyumba imeandikwa jina la mume. Aende kwa kadhi au Mahakama Kuu? Atapata nini huku, atapata nini kule, na ushahidi wa mikeka iliyouzwa miaka 20 iliyopita utatoka wapi? Katika saa mbili darasa hilo litajifunza zaidi ya muhula mzima wa kuandika maelezo ya mwalimu.

Kutenda, na safari yake ndefu

Ugomvi wa nadharia na vitendo ni mkongwe. Zamani mwanasheria alifunzwa kwa kukaa ofisini kwa mkubwa wake, akinakili hati na kutazama. Mwaka 1870 Christopher Langdell alipoanza kuongoza kitivo cha sheria cha Harvard, alileta mtindo wa kusoma hukumu za mahakama za rufaa na kuzijadili kwa maswali. Ulikuwa mtindo mzuri kuliko mihadhara ya kukariri, ukaenea Marekani yote. Lakini hukumu ya rufaa ni mabaki ya kesi. Mteja ameshachujwa, mashahidi wameshachujwa, karatasi zimeshachaguliwa na mtu mwingine. Mwaka 1933 Jerome Frank, aliyekuja kuwa jaji, aliuliza kwa nini wanafunzi wa udaktari hufundishwa wodini, mbele ya wagonjwa, na wa sheria wasifundishwe mbele ya wateja. Swali lake lilikaa miaka zaidi ya 30 kabla kliniki za sheria, ambamo wanafunzi huhudumia wateja wa kweli chini ya msimamizi, hazijashika mizizi vyuoni Marekani, na miongo hiyo hiyo vyuo vya Afrika Kusini, Cape Town na Durban vikiwemo, vilifungua za kwao katikati ya ubaguzi wa rangi, wakati ambapo mtu maskini mweusi alikuwa na haja ya wakili kila siku.

Kwetu, jambo lilianzia London. Waafrika waliotaka uwakili walikwenda kusomea huko, na kamati iliyoongozwa na Jaji Denning iliona mwaka 1961 kwamba hilo haliwafai. Walifunzwa sheria ya Uingereza, wakaachwa bila sheria ya ardhi na mila za kwao. Tena walifunzwa kazi ya kusimama mahakamani tu, kwa sababu Uingereza imegawa uwakili mafungu mawili, hali Afrika wakili ni huyo huyo: aandike hati, amsikilize mteja, asimame mbele ya hakimu. Mwaka huo huo kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam, cha kwanza Afrika Mashariki. Nairobi ikafuata mwaka 1970.

Leo njia ya Kenya ni hii: shahada ya sheria ya miaka minne, kisha mafunzo ya uwakili Kenya School of Law jijini Nairobi, pamoja na miezi 6 ya kufanya kazi chini ya wakili mwenye uzoefu, na mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria. Mafunzo ya uwakili yana masomo yenye sura ya kazi hasa: uendeshaji wa kesi za madai na za jinai, uandishi wa hati, mirathi, uhamishaji wa ardhi, maadili. Kwa karatasi, vitendo vipo. Lakini vimewekwa mwishoni, baada ya miaka minne ambayo mwanafunzi amezoea kudhani kwamba sheria ni jibu sahihi la swali lililoandikwa vizuri. Tabia iliyokomaa miaka minne haivunjwi kwa miezi michache.

Vitendo ninavyovisema mimi haviishii kwenye kesi za maigizo. Maigizo ni mazuri kwa kufungua ulimi, na Kenya vijana wetu wanashinda mashindano hayo. Ila katika kesi ya maigizo matukio yamekwisha kuandikwa na mwandaaji. Kilichobaki ni kubishana. Wakili wa Malindi hufanya kinyume: wiki nzima anatafuta nini kilitokea, na kubishana ni nusu saa. Kazi ya kutafuta ndiyo isiyofundishwa. Kumhoji mzee asiyependa kuulizwa maswali ya moja kwa moja. Kujua kwamba ukimuuliza lini alihamia hapo hatakutajia mwaka, atakwambia ni baada ya mvua kubwa za El Niño, na wewe ndiye wa kujua kwamba hiyo ni 1997. Kwenda ofisi ya ardhi kutafuta rekodi. Kusoma ramani ya mpimaji ukiwa umesimama kiwanjani, jua likiwa utosini, na jirani akikutazama kwa mashaka.

Lamu ina darasa tayari

Kama ningepewa muhula mmoja na wanafunzi 20, ningewaleta Lamu, na ningetumia mambo mawili.

La kwanza ni kesi ya wavuvi na bandari ya LAPSSET, mradi wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Ilisikilizwa Mahakama Kuu ya Malindi, na mwezi wa Aprili 2018 mahakama ikaamua kwamba haki za wananchi zilivunjwa: ya mazingira safi, ya utamaduni wao, ya kupewa habari na kushirikishwa. Wavuvi wapatao 4,600 waliamriwa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, Juni 2019, baraza la kitaifa la rufaa za mazingira likafuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe Lamu, wananchi wakiwa hawakushirikishwa ipasavyo. Hukumu zote mbili ni za umma, yeyote anaweza kuzisoma.

Nisingewapa wanafunzi hukumu ya wavuvi waisome. Ningewapa kwanza nahodha wa jahazi dogo la Kizingitini, ameigizwa na mtu anayeijua kazi hiyo, na kuwaambia: thibitisheni hasara yake. Hana vitabu vya hesabu. Samaki aliuza ufukweni kwa fedha taslimu. Mnathibitishaje kwamba ni mvuvi, kwamba mkondo ule aliutegemea, kwamba leo anakwenda mbali zaidi na mafuta ya mashine yamemla faida? Wakishatoa jasho, ndipo wasome jinsi mahakama ilivyofikiri, na walinganishe na nchi nyingine: ni nani hupewa mzigo wa kuthibitisha pale mradi mkubwa unapoharibu maisha ya watu wasioweka rekodi? India, kwa mfano, ilifungua mahakama zake kuu kwa kesi za maslahi ya umma tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, mpaka barua ya kawaida ikaweza kupokelewa kama ombi la kesi. Kenya imeiandika milango hiyo ndani ya Katiba yenyewe, katika kifungu cha 22. Kwa nini wao walipitia kwa majaji na sisi kwa kura ya maoni? Hilo ni swali la kulinganisha ambalo mwanafunzi ataliuliza mwenyewe, kwa kuwa keshalihitaji.

La pili ni wikio. Katika mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, kuna vyumba vinavyopita juu ya kichochoro na kuunga nyumba mbili. Chini watu na punda wanapita. Juu mtu amelala. Chumba hicho ni cha nani nyumba mbili zikirithiwa na matawi mawili ya ukoo yasiyosemezana? Hewa iliyo juu ya njia ni ya umma? Katiba, katika kifungu cha 260, inaihesabu anga iliyo juu ya uso wa ardhi kuwa sehemu ya ardhi. Sheria ya Kiislamu inalichukulia jambo hili kwa msingi wa hadithi ya Mtume, hakuna kudhuru wala kudhuriana, na ina masuala mengi ya majirani, kuta na njia. Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inaweza kukuzuia kubomoa hata kilicho chako. Chora ramani ya chumba, gawa mirathi kwa hisa za Kiislamu, andika mapatano ya upatanishi ya ndugu hao wawili. Katiba inazitaka mahakama zihimize njia hizo za usuluhishi, kifungu cha 159, lakini ni wahitimu wangapi wamewahi kuandika mapatano ambayo mama na mjomba wasiosemezana, wote wawili, watakubali kutia sahihi?

Rufaa kutoka kwa kadhi huenda Mahakama Kuu, ambako jaji hukaa na Kadhi Mkuu au makadhi wawili kama washauri. Jaji huyo huenda hakuwahi kusoma fiqhi hata siku moja. Na yapo mambo yanayogongana kweli kweli: Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao Mwislamu kwa sababu hiyo, jambo ambalo wanavyuoni wengi wa Pwani wanaliona kinyume na fiqhi. Mtu anaweza kuunga mkono upande huu au ule. Lakini atakayelizungumza vizuri mbele ya familia iliyofiwa ni yule anayeijua hoja ya kila upande kwa ndani, na darasa la sheria likimfundisha upande mmoja tu litakuwa limemtuma vitani na jicho moja.

Vikwazo vya kweli

Mageuzi haya yana gharama. Mhadhara mmoja huhudumia wanafunzi 200. Kliniki ya sheria huhitaji msimamizi kwa kila kikundi kidogo, naye awe wakili anayeweza kubeba dhamana ya kazi yao. Mtihani nao huvuta kila kitu upande wake. Maadamu alama zote zinatoka katika karatasi ya saa tatu, mwanafunzi mwenye akili ataacha kwenda Malindi akahoji wazee, atakaa maktabani. Ningependa kuona sehemu kubwa ya alama ikitoka katika faili alilolijenga mwanafunzi mwenyewe: mahojiano, hati, barua, na maelezo ya kurasa mbili ya kwa nini aliacha njia fulani akafuata nyingine.

Kulinganisha pia kuna hatari yake. Kunaweza kuwa pambo, wakili akataja hukumu ya Canada ili aonekane msomi. Au kukawa kupandikiza, kanuni ya Ujerumani ikaletwa Malindi bila kuuliza kama tuna ofisi ya uandikishaji inayofanya kazi kama yao. Dawa ya hatari zote mbili ni mteja. Swali likiwa ni la bibi mwenye risiti, kila kanuni ya kigeni italazimika kujibu: hii inamsaidia nini, na kwa kutumia ofisi gani ya hapa?

Lugha ni kikwazo ambacho hakizungumzwi vya kutosha. Mafunzo yote ni kwa Kiingereza. Mteja wa Pwani anasimulia kwa Kiswahili, kwa Kigiriama, kwa Kibajuni. Tanzania mwaka 2021 ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zake. Kenya Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7, lakini hati zinaandikwa Kiingereza. Basi kila mwanafunzi afanye zoezi hili: achukue maelezo ya mtu kwa Kiswahili, ayaandike hati ya kiapo kwa Kiingereza, kisha amsomee mwenyewe tena kwa Kiswahili kabla hajatia sahihi. Wengi watagundua kwamba hati waliyoandika inasema jambo ambalo mtu yule hakulisema.

Na kuna heshima ya mteja. Kliniki haipaswi kumgeuza maskini kuwa chombo cha kujifunzia. Kenya mwanafunzi haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, tofauti na majimbo mengi ya Marekani yanayoruhusu hilo chini ya usimamizi. Nadhani kwa sasa si hasara kubwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inavitambua vyuo vikuu vyenye kliniki kuwa watoaji wa msaada wa kisheria, na kazi iliyopo nje ya chumba cha mahakama ni tele: kuandika barua kwa mwenye kiwanja, kuandaa makaratasi ya mirathi, kukusanya risiti na kuzipanga kwa miaka, kukaa na pande mbili kutafuta mapatano ya fidia, kuwaeleza watu mtaani haki zao kabla barua ya kuhama haijafika.

Jambo moja kliniki yoyote ya Malindi au Lamu lazima ilipange kabla haijampokea mteja wa kwanza: muhula ukiisha, wanafunzi hurudi kwao, lakini kesi ya ardhi ya Pwani inaweza kuchukua miaka. Kila faili liwe na wakili mkaazi wa mji huo aliyekubali kwa maandishi kuendelea nalo, na mteja aonyeshwe wakili huyo kwa uso siku ile ile anapoketi na wanafunzi mara ya kwanza.